Kipeo na Kipeuo: Kiswahili katika Utatuzi wa Milinganyo, kwa Mifano ya Likoni, Kisauni na Changamwe

1. Utangulizi

Katika shule za Likoni, Kisauni na Changamwe, kama ilivyo katika shule nyingine za Kenya, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia mwaka wa nne wa shule ya msingi, na mtihani wake huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Hata hivyo, maelezo ya ziada ya mwalimu, mashauriano ya wanafunzi na masomo ya jioni nyumbani hupita aghalabu katika Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi huishi katika lugha yenye tabaka mbili: majina ya vitu vya hisabati huja kwa Kiingereza, na fikira inayoviunganisha huja kwa Kiswahili. Husikia "pawa", "skwea" na "skwea ruti", maneno yasiyo na ukoo na neno lingine lolote alijualo, kisha huambiwa afikiri kwayo.

Akiulizwa tano kwa pawa ya mbili ni ngapi, si ajabu akajibu kumi. Kosa hilo hufanywa pia na watoto wa Uingereza, na haifai kudai kwamba lugha peke yake ndiyo mzazi wake. Lakini mtoto wa Likoni ana sababu moja zaidi ya kulifanya: neno alilopewa halimwambii chochote, na lugha yake mwenyewe, ambayo ingeweza kumwambia jambo, haikuulizwa.

Makala haya yanachunguza istilahi mbili, kipeo na kipeuo, pamoja na maneno yanayoandamana nazo katika kutatua milinganyo. Hoja kuu ni kwamba jozi hii, inayolaumiwa mara kwa mara kwa kufanana mno, imebeba ndani ya umbo lake njia yenyewe ya utatuzi. Pia itaonyeshwa mahali ambapo umbo hilo humpotosha mwanafunzi, na tahadhari ambayo mwalimu hana budi kuichukua.

2. Istilahi zilikotoka na zisikofika

Kiswahili cha hisabati kilipata msukumo mkubwa nchini Tanzania baada ya mwaka 1967, wakati lugha hii ilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa katika mwaka huo huo. Vitabu vya shule vilihitaji maneno, na maneno yakapatikana. Mengine yalichotwa katika hazina ya kale ya lugha, kama vile shufwa kwa namba zinazogawanyika kwa mbili na witiri kwa zile zisizogawanyika. Mengine yalitoholewa, kama aljebra na jiometri. Mengine yaliundwa kutokana na mashina ya Kibantu: mlinganyo kutokana na kulingana, kigawo kutokana na kugawa, kipeo na kipeuo.

Nchini Kenya hali ilikuwa nyingine. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini kilibaki somo miongoni mwa masomo. Mwanafunzi hujifunza tarakimu katika kipindi cha Kiswahili, na hujifunza akisami: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi na kuendelea. Hajifunzi vipeo. Hivyo mtoto wa Kisauni anaweza kuitaja thumuni kwa ufasaha wa babu zake, waliolihitaji neno hilo katika kugawa mirathi, wala asijue kwamba lugha hiyo hiyo ina jina la namba iliyozidishwa kwa yenyewe.

Ni vema kukumbuka kwamba aljebra haikuanza kwa alama bali kwa maneno ya kila siku. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake mjini Baghdad yapata mwaka 820, hakutumia x wala alama ya usawa. Kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Na kitu kilichozidishwa kwa chenyewe alikiita mal, neno lile lile ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa mali. Wataalamu waliomfuata waliita kipeo cha nne mali ya mali. Sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu chake ilihusu mirathi na wasia. Jina aljebra lenyewe, al-jabr, lilikuwa na maana ya kurudishia au kuunga kilichopungua, kama mfupa unavyoungwa.

Haipendekezwi hapa kwamba Kiswahili kiseme mali mahali pa kipeo cha pili. Neno hilo lina kazi nyingine nzito katika lugha yetu, na mtu akiambiwa atafute mali atatafuta kitu kingine kabisa. Historia hiyo inafaa kwa fundisho moja tu: istilahi za vipeo zilizaliwa katika lugha ambamo wasomaji walizijua kwanza kama maneno. Swali la kuuliza ni kama kipeo na kipeuo zinaweza kumfaa msomaji wa leo kwa namna hiyo.

3. Umbo la jozi

Kitenzi pea kina maana ya kufikia ukomo wa ukuaji au ukamilifu. Kutokana nacho tuna upeo, na tuna kipeo, yaani kilele au kiwango cha juu kabisa cha jambo. Mtu anayejua matumizi haya hapati shida kuelewa kwa nini namba iliyokwezwa kwa kuzidishwa kwa yenyewe ihusishwe na neno hilo.

Ama kuhusu kipeuo, umbo lake linafuata mnyambuliko wa kutendua. Kiswahili kina jozi nyingi za aina hii: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kiambishi huwa -u- baada ya irabu a, e, i na u, na huwa -o- pale tu shina lenyewe lina o, kama choma na chomoa. Kwa kuwa shina la pea lina e, umbo linalotarajiwa ni peua, kama tega inavyotoa tegua. Na nomino yake ni kipeuo. Hoja hii inahusu umbo kama linavyosikika kwa mzungumzaji, na kwa mwalimu umbo hilo linatosha: msikilizaji wa Kiswahili akikutana na kipeo na kipeuo amekwisha kuambiwa kwamba la pili linakitendua cha kwanza.

Jambo hili ni la thamani kuliko linavyoonekana. Hesabu ya kawaida ina jozi tatu za matendo yanayotenduana. Kujumlisha hutenduliwa na kutoa. Kuzidisha hutenduliwa na kugawanya. Kukweza kwa kipeo hutenduliwa na kutafuta kipeuo. Katika jozi mbili za kwanza, lugha haionyeshi uhusiano wowote: hakuna kitu katika umbo la toa kinachokumbusha jumlisha, wala katika gawanya kinachokumbusha zidisha. Ni katika jozi ya tatu tu, iliyo ngumu kuliko zote, ndipo umbo la neno linapomfunulia mwanafunzi uhusiano huo. Kiingereza hakina msaada huo, kwani majina yake ya kipeo na kipeuo yana maana ya nguvu na ya mzizi, na mzizi hauitendui nguvu.

Kutatua mlinganyo ni kutendua. Aliyepewa 3x + 5 = 26 huondoa 5 kwanza, kisha hugawanya kwa 3, naye hupata 7. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, akianza na tendo lililofanywa mwisho, kama mtu anayefungua furushi: fundo lililofungwa mwisho ndilo hufunguliwa kwanza. Akipewa 3x² + 5 = 80, huondoa 5 akabaki na 3x² = 75; hugawanya kwa 3 akabaki na x² = 25; sasa limebaki fundo moja, nalo ni kipeo. Kinachokitendua ni kipeuo. Kwa kuwa tayari tunasema "toa 5 pande zote mbili" na "gawanya kwa 3 pande zote mbili", yafaa tuwe na ujasiri wa kusema "peua pande zote mbili". Kitenzi hicho kinaingia katika sentensi bila kulazimishwa, na kinampa mwanafunzi amri ya tatu inayofanana na mbili za kwanza.

4. Lawama dhidi ya jozi hii

Kuna lawama mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya matamshi. Irabu u iliyo kati ya e na o huelekea kutamkwa kama w, na katika usemi wa haraka kipeuo husikika kama kipewo, kisha kama kipeo. Darasani lenye wanafunzi hamsini, tofauti ya sauti moja dhaifu ndiyo inayotenganisha 25 na 5. Ngeli nazo hazisaidii, kwa sababu maneno yote mawili yamo katika ngeli ya ki-vi. Mwalimu akisema "kitafute", kiambishi ki- hakimwambii msikilizaji ni kipi kitafutwe.

Lawama hii ni ya kweli, lakini dawa yake ni rahisi kuliko kubuni istilahi nyingine. Kwanza, neno lisitamkwe likiwa peke yake: kisemwe "kipeo cha pili" au "kipeuo cha pili" pamoja na namba inayohusika. Pili, kitumiwe kitenzi. Katika "kweza 5 kwa kipeo cha pili" na "peua 25", vitenzi havifanani hata kidogo, na maana hulindwa hata kama irabu imemezwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo haitajwi sana. Neno kipeo linatumiwa kwa vitu viwili. Tukisema "kipeo cha pili cha 5 ni 25", kipeo ni 25, yaani matokeo. Tukisema "katika 5², kipeo ni 2", kipeo ni ile namba ndogo ya juu. Utata huu upo katika lugha nyingine pia, lakini hiyo si sababu ya kuulea. Inapendekezwa hapa kwamba kipeo kiwe ile namba ya juu, namba ya chini iitwe kitako, na matokeo yaitwe thamani. Katika 5² = 25, kitako ni 5, kipeo ni 2, thamani ni 25. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya 7, bila ya kutenganisha vitu hivi vitatu haiwezekani kueleza milinganyo yote ya vipeo.

5. Mara, kwa na mraba

Lile kosa la kujibu kumi lina mlango wake katika Kiswahili pia. Neno mara hutumika kwa kuzidisha: "tano mara mbili" ni kumi. Mwalimu anayeeleza 5² kwa kusema "tano mara mbili, yaani tano yenyewe mara yenyewe" amesema mambo mawili yasiyopatana katika pumzi moja. Anachokusudia ni kwamba tano imeandikwa mara mbili. Anachosema ni kwamba tano imezidishwa kwa mbili. Heri aseme "tano mbili zilizozidishana", au aziandike na kuzihesabu.

Kwa upande mwingine, mafundi ujenzi wana lugha iliyo safi zaidi. Kiwanja huitwa "hamsini kwa mia", yaani upana wa futi 50 na urefu wa futi 100. Kila anayesikia kauli hiyo anajua kwamba haizungumzii futi 150, bali eneo lenye pande mbili, futi za mraba 5,000. Hivyo basi "tano kwa tano" huitwa akilini kama umbo kabla haijaitwa kama hesabu. Aidha, fundi anajua kwa mikono yake kwamba chumba chenye upande mara mbili hutaka saruji ya sakafu mara nne. Hilo ni fundisho la kipeo cha pili ambalo halijapata jina.

Neno mraba linahitaji uangalifu. Katika maneno "mita 4 za mraba" kinachotajwa ni eneo: mita za mraba nne. Katika "mraba wa mita 4" kinachotajwa ni umbo lenye upande wa mita nne, na eneo lake ni mita za mraba 16. Mpangilio wa maneno matatu yale yale umebadili kipimo mara nne. Mnunuzi wa vigae asiyetofautisha kauli hizi ataona hasara dukani. Kwa sababu hiyo, yafaa mraba libaki jina la umbo na la kipimo cha eneo, na kipeo cha pili kiwe jina la tendo la hesabu. Mwalimu atumie la kwanza kulieleza la pili, asiyachanganye.

6. Mlinganyo mmoja kwa sauti

Kipimo cha istilahi ni sentensi. Orodha ya maneno yaliyosanifishwa haithibitishi kwamba lugha inaweza kufanya kazi. Ithibati ni kusimama ubaoni na kutatua mlinganyo kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kukimbilia lugha nyingine. Na tuchukue mfano huu.

Mwenye nyumba wa Kisauni anataka kumwaga sakafu ya chumba cha mraba pamoja na baraza iliyoambatana na ubavu mmoja wa chumba hicho. Baraza ina upana wa mita 6, na urefu wake ni sawa na upande wa chumba. Sakafu yote ni mita za mraba 112. Upande wa chumba ni mita ngapi?

Tukiuita upande huo x, eneo la chumba ni x², na eneo la baraza ni 6x. Mlinganyo wetu ni x² + 6x = 112. Hapa hatuwezi kupeua mara moja, kwa sababu upande wa kushoto si mraba kamili bali ni mraba wenye kipande kilichoning'inia. Basi tuikate baraza kwa urefu wake, tupate vipande viwili vya upana wa mita 3 kila kimoja. Kimoja tukiache mahali pake. Cha pili tukihamishie ubavu wa jirani. Sasa umbo limekaribia kuwa mraba mkubwa, ila limepungukiwa na pembe moja ya mita 3 kwa mita 3, yaani mita za mraba 9. Tuijaze pembe hiyo, na kwa kuwa tumeongeza 9 upande mmoja, tuongeze 9 upande wa pili. Upande wa kushoto ni mraba wenye upande wa x + 3. Wa kulia ni 112 + 9, yaani 121. Tumepata (x + 3)² = 121. Sasa tupeue: x + 3 = 11, kwa hiyo x = 8. Tuhakiki: chumba ni 8 kwa 8, yaani 64, baraza ni 6 kwa 8, yaani 48, jumla ni 112.

Njia hii ya kukata na kujaza ndiyo aliyoitumia al-Khwarizmi, na kama inavyoonekana, haihitaji istilahi hata moja ambayo fundi wa Kisauni hawezi kuielewa. Maneno yaliyoubeba mzigo ni kata, hamisha, pungukiwa, jaza na hakiki. Kanuni inayokaririwa shuleni kwa milinganyo ya aina hii si kitu kingine ila ufupisho wa hatua hizo. Mwanafunzi aliyeikariri bila kuiona baraza huisahau baada ya mtihani. Aliyeiona huweza kuijenga upya.

7. Mahali ambapo umbo la neno hupotosha

Mnyambuliko wa kutendua una ahadi ndani yake: kilichofungwa kikifunguliwa, hurudi kilivyokuwa. Hesabu haitimizi ahadi hiyo daima. Katika x² = 49, jibu la 7 ni sahihi, lakini -7 pia ni sahihi, kwani hasi mbili zikizidishana hutoa chanya. Kadhalika katika mfano wa baraza, x + 3 ingeweza kuwa -11, na x ikawa -14. Ukuta hauwezi kuwa na urefu wa hasi, kwa hiyo jibu hilo tunalikataa kwa sababu ya nyumba, si kwa sababu ya hesabu. Al-Khwarizmi mwenyewe alihesabu majibu chanya tu.

Mazingira ya Mombasa yanatoa mfano mzuri wa jambo hili. Anayetoka Likoni huingia kisiwani kwa feri. Anayetoka Kisauni hupita daraja la Nyali. Anayetoka Changamwe hupita Makupa. Ukimkuta mtu kisiwani, kuwapo kwake hapo hakukuambii alitokea wapi. Kumrudisha alikotoka kunahitaji habari nyingine. Kipeo cha pili ni kisiwa chenye njia mbili za kuingilia, moja ya chanya na moja ya hasi. Kipeo cha tatu kina njia moja: x³ = 125 humpa mwanafunzi 5 tu, miongoni mwa namba halisi, maana -5 ingetoa -125. Kwa hiyo kila anapopeua kwa kipeo kinachogawanyika kwa mbili, yaani kipeo shufwa, mwanafunzi hana budi kuuliza: njia ya pili iko wapi?

Hatari ya kinyume ipo pia, ya kupata jibu lisilokuwapo. Tuchukue mlinganyo unaosema: kipeuo cha pili cha x ni sawa na x - 6. Tukikweza pande zote mbili, tunapata x = x² - 12x + 36, yaani x² - 13x + 36 = 0, na majibu yake ni 9 na 4. Tuhakiki. Kipeuo cha 9 ni 3, na 9 - 6 ni 3, jibu linakubalika. Kipeuo cha 4 ni 2, lakini 4 - 6 ni -2, jibu halikubaliki. Jibu la 4 liliingizwa na tendo la kukweza, lililofuta tofauti kati ya 2 na -2. Ndiyo maana kuhakiki ni sehemu ya utatuzi, wala si pambo la mwisho.

Kuna upungufu wa tatu. Hadi hapa kisichojulikana kilikuwa kitako. Je, kikiwa kipeo chenyewe? Chukua leso, uikunje katikati: ina tabaka 2. Ikunje tena: 4, tena: 8. Je, ikunjwe mara ngapi ipate tabaka 32? Mlinganyo ni 2ˣ = 32. Hapa kupeua hakutusaidii, kwa maana hatutafuti kitako; kitako tunakijua, ni 2. Tunatafuta idadi ya mikunjo. Tunaweza kuikunjua tukihesabu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Ni mikunjo mitano, kwa hiyo x = 5. Leso hiyo inafundisha na jambo jingine ambalo huwatatiza wengi: leso isiyokunjwa hata mara moja ina tabaka moja, nayo ndiyo maana ya 2⁰ = 1.

Basi kipeo hutenduliwa kwa namna mbili. Ukijua thamani na kipeo, na unataka kitako, unapeua. Ukijua thamani na kitako, na unataka kipeo, unahitaji logi, chombo kilichochapishwa na John Napier huko Uskoti mwaka 1614. Jozi ya kipeo na kipeuo inaficha utenduaji huu wa pili, na ndiyo sababu ya kusisitiza majina matatu: kitako, kipeo, thamani. Mara nyingi kazi inaweza kufanywa bila jedwali la logi. Katika 8ˣ = 32, andika pande zote kwa kitako 2: 8 ni 2³, na 32 ni 2⁵. Hivyo 3x = 5, na x ni tano kwa tatu. Kanuni yake hutamkika kwa ufasaha: vitako vikiwa kimoja, vipeo hulingana. Lakini 2ˣ = 20 haina njia hiyo. Thamani 20 iko kati ya 16 na 32, kwa hiyo x iko kati ya 4 na 5. Logi hutuambia kwamba ni karibu 4.32. Leso haikunjiki mara 4.32, na hapo mfano wa leso umefika upeo wake.

Jambo moja la mwisho linakipendelea Kiswahili. Kihusishi -a cha "kipeo cha pili" hakibagui namba. Tunasema kipeo cha tatu, kipeo cha sifuri, kipeo cha hasi moja, kipeo cha nusu, bila ya kubadili muundo. Na kipeo cha nusu cha 25 ni 5. Yaani kipeuo cha pili si tendo geni, bali ni kipeo kama vipeo vingine. Mwanafunzi aliyeanza na jozi ya kutenduana anaweza kufikishwa hadi hapo kwa sentensi zenye muundo ule ule.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili kina maneno ya kutatua milinganyo ya vipeo, na kwamba maneno hayo yana mantiki inayosikika. Imeonyeshwa pia kwamba mantiki hiyo ina mipaka: haitaji jibu la pili, haitambui jibu la uongo, na haitofautishi kutafuta kitako na kutafuta kipeo. Mapendekezo ni haya: jozi ya kipeo na kipeuo idumishwe, lakini ipewe vitenzi kweza na peua, majina kitako, kipeo na thamani yatenganishwe, mara liepukwe katika kusoma vipeo, na mraba libaki kwa umbo na eneo.

Kazi inayobaki si ya idara za Kiswahili peke yake. Walimu wanaofunzwa katika chuo cha ualimu kilichoko Shanzu, upande huo huo wa Kisauni, hufunzwa Kiswahili katika chumba kimoja na hisabati katika kingine, na vyumba hivyo viwili havina budi kuzungumza. Hata pale sera ya lugha ya kufundishia isipobadilika, hakuna sera inayomkataza mwalimu wa Kiswahili kufundisha vipeo kama anavyofundisha akisami, wala mwalimu wa hisabati kueleza kwa lugha ambayo wanafunzi wake wanafikiria kwayo. Mtoto wa Likoni atakutana na mlinganyo kwa Kiingereza siku ya mtihani. Lililo muhimu ni kwamba siku hiyo awe amekwisha kuuelewa, na kwamba neno alilouelewa kwalo liwe lake.